Vita vikiisha, nani atamtibu mgonjwa? Somo la Msumbiji kutoka Nachingwea

Na Mwandishi Wetu, Nanganga

MSAFIRI anayetoka Lindi kwenda Masasi, akishapita Mtama na Nyangao, hufika Nanganga. Hapo ndipo barabara ya kwenda Ruangwa, na kuendelea hadi Nachingwea, inapochepuka kutoka barabara kuu.

Kwa abiria wengi Nanganga ni njia panda tu. Hata hivyo, barabara inayoanzia hapo inaelekea mahali penye historia kubwa. Kuanzia mwaka 1965 Nachingwea ilikuwa na kambi kuu ya mafunzo ya Chama cha Ukombozi wa Msumbiji (FRELIMO), katika eneo linalojulikana kama Farm 17, jina lililoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa mapema miaka ya 1950.

Wengi wanaikumbuka Nachingwea kwa bunduki na gwaride. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba katika miaka hiyohiyo, kusini mwa Tanzania kulikuwa kunaandaliwa pia huduma ya afya ya nchi ambayo ilikuwa bado haijapata uhuru.

Habari hiyo ina uzito leo kuliko inavyodhaniwa. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, zahanati na vituo vya afya vimekuwa vikichomwa na kutelekezwa tangu mapigano yalipoanza Oktoba 2017. Siku amani itakapotulia, swali la kwanza la mama mwenye mtoto mgonjwa halitahusu katiba wala uchaguzi. Atauliza iwapo zahanati imefunguliwa, na nani yumo ndani.

Je, mfumo wa afya uliovunjwa na vita hujengwaje upya, na kazi hiyo ianzie wapi?

Risasi huua wachache, maradhi huua wengi

Ni ukweli usiopingika kwamba katika vita vingi vya Afrika, wanaokufa kwa risasi ni wachache kuliko wanaokufa kwa malaria, surua, kuhara, utapiamlo na matatizo ya uzazi. Vifo hivyo vya pili havitangazwi redioni, kwa sababu hutokea kimyakimya, nyumba kwa nyumba, na mara nyingi huendelea miaka kadhaa baada ya silaha kuwekwa chini.

Wakazi wa kusini hawahitaji kwenda mbali kupata ushahidi. Katika Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, watu wengi zaidi waliangamia kwa njaa na maradhi kuliko waliouawa katika mapambano, baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Upande wa pili, misheni za Nyangao na Lukuledi ziliteketezwa mwaka 1905, na mwaka uliofuata ikaanzishwa misheni ya Ndanda.

Leo Nyangao na Ndanda, zilizo pande mbili za Nanganga katika barabara hiyo kuu, zina hospitali zinazotegemewa na wananchi wa Lindi na Mtwara. Kwa hiyo hata huduma ambazo wakazi wa hapa wamezizoea zilichipuka mahali palipowahi kuwa majivu, na hazikusimama kwa mwaka mmoja.

Ili kuelewa ni kitu gani hasa kinachovunjika, ni vyema kuelewa kwanza mfumo wa afya ni nini. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba mfumo huo unasimama juu ya nguzo sita: utoaji wa huduma, watumishi, taarifa, dawa na vifaa, fedha, na uongozi.

Nguzo hizo hutegemeana. Chukua mfano wa chanjo ya surua. Ili mtoto mmoja achanjwe kijijini, lazima dawa iwe imenunuliwa, jokofu liwe na umeme au gesi, gari liwe na mafuta, barabara ipitike, muuguzi awepo na awe amelipwa, daftari lioneshe nani hajachanjwa, na mama awe na imani ya kutosha kumtoa mwanawe achomwe sindano.

Vita hukata mnyororo huo katika kila pete kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kujenga upya paa la zahanati, ingawa ni jambo jema, ni sehemu ndogo tu ya kazi.

Watu kabla ya majengo

Hapo ndipo uzoefu wa FRELIMO unapokuwa somo. Vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 25, 1964, chama hicho hakikuwa na hospitali hata moja. Kilichokuwapo ni watu wachache wenye ujuzi. Samora Machel mwenyewe, aliyekuja kuongoza mafunzo ya Nachingwea na baadaye kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, alikuwa muuguzi kwa taaluma kabla ya kukimbilia Dar es Salaam mwaka 1963.

Katika miaka hiyo ya 1960 daktari Hélder Martins alisimamia uanzishwaji wa huduma za afya za chama hicho. Fedha na vifaa vilitafutwa kupitia Taasisi ya Msumbiji iliyokuwa Dar es Salaam chini ya Janet Mondlane. Mjini Mtwara FRELIMO ilikuwa na hospitali yake iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968.

Waliofundishwa katika vituo hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliojifunza kwa muda mfupi kufunga majeraha, kutambua malaria, kuchanja ndui na kumsaidia mama anayejifungua. Kisha walivuka Ruvuma na kufungua vituo vidogo vya miti na nyasi katika maeneo yaliyokombolewa ya Cabo Delgado na Niassa.

Mwaka 1967 kundi la kwanza la wanawake 25 lilipata mafunzo ya kijeshi Nachingwea. Kazi za kikosi hicho cha wanawake hazikuwa za bunduki pekee. Zilihusu pia kubeba shehena kwa miguu kutoka mpakani, kulea yatima, na kuwahamasisha wananchi.

Wananchi wa Tanzania nao walikuwa ndani ya habari hiyo. Wakimbizi wa Msumbiji walipokelewa katika makazi ya Rutamba mkoani Lindi na Matekwe wilayani Nachingwea, wakati vijiji vya mpakani viliishi kwa hofu ya mashambulizi ya Wareno.

Funzo la kwanza ni hili: maandalizi ya huduma za afya za baada ya vita hayakusubiri vita viishe. Mkataba wa Lusaka uliposainiwa Septemba 7, 1974, tayari kulikuwa na wahudumu waliozoea kufanya kazi vijijini, bila umeme, bila gari, na kwa dawa chache.

Madaktari walipoondoka

Umuhimu wa maandalizi hayo ulionekana mara moja. Msumbiji ilipata uhuru Juni 25, 1975, na Wareno wengi waliondoka. Kati ya madaktari wapatao 500 waliokuwapo kabla ya uhuru, waliobaki hawakufika 100, na wengi walikuwa wamezoea kazi za mijini.

Julai 24, 1975, Samora Machel alitangaza kutaifishwa kwa huduma za afya. Hélder Martins, akiwa Waziri wa Afya wa kwanza, alikabidhiwa jukumu la kuupeleka vijijini mfumo uliokuwa umejengwa kwa ajili ya walowezi.

Hatua zilizofuata zilisifiwa na wataalamu wa nchi nyingi. Kampeni ya chanjo ya mwaka 1976 hadi 1978 ilizunguka karibu nchi nzima. Mwaka 1977 serikali ilitoa orodha ya dawa muhimu zitakazonunuliwa kwa fedha za umma, mwaka uleule WHO ilipotoa orodha yake ya kwanza ya aina hiyo. Mwaka 1978 yakaanza mafunzo ya wahudumu wa afya wa vijijini.

Orodha ya dawa yaweza kuonekana jambo dogo la makarani, lakini kwa nchi iliyotoka vitani ni suala la uhai. Bila orodha, fedha kidogo zilizopo huishia kwenye dawa za bei kubwa kwa ajili ya wachache, huku zahanati zikikosa hata dawa ya malaria.

Kwa bahati mbaya, amani haikudumu. Kuanzia mwaka 1977 vikundi vya RENAMO, vikisaidiwa kwanza na utawala wa Rhodesia na baadaye Afrika Kusini ya makaburu, viliendesha vita vilivyodumu miaka 15. Zahanati zilikuwa miongoni mwa shabaha, kwa sababu ndizo zilizokuwa alama ya serikali kijijini. Karibu nusu ya vituo vya huduma za msingi viliharibiwa au kufungwa katika miaka ya 1980.

Ni katika kipindi hicho kigumu ambapo Msumbiji ilifanya uamuzi mwingine wa kukumbukwa. Mwaka 1984, Waziri wa Afya akiwa Dk. Pascoal Mocumbi, ilianza kuwafundisha matabibu wasio madaktari kufanya upasuaji, ukiwamo wa kumtoa mtoto tumboni. Tanzania nayo ilikuwa imeanza mafunzo ya madaktari wasaidizi tangu mwaka 1963.

Walikuwapo waliobeza. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulibainisha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya upasuaji mkubwa wa uzazi katika hospitali za wilaya za Msumbiji ulikuwa ukifanywa na matabibu hao. Aidha, ilionekana kwamba wao hubaki wilayani kwa miaka mingi, wakati madaktari wengi huhamia mijini mapema.

Wafadhili na mzigo wa misaada

Mkataba wa Amani wa Roma ulitiwa saini Oktoba 4, 1992, kati ya Rais Joaquim Chissano na kiongozi wa RENAMO, Afonso Dhlakama. Wakimbizi wapatao milioni 1.7 walirejea kutoka nchi jirani, wengi wao kutoka Malawi. Walikuta barabara zenye mabomu ya ardhini na vituo vya afya vilivyobaki kuta.

Kwa mara nyingine, Msumbiji haikuanza na karatasi tupu. Wizara ya Afya ilikuwa imeanza kuandaa mpango wa ujenzi mpya kabla ya mkataba kusainiwa, ikijua ni vituo vipi vimebomoka na watumishi gani wapo. Baadhi ya wahudumu waliokuwa wakitibu watu katika maeneo ya RENAMO walipewa mafunzo na kuingizwa katika huduma ya umma, hatua iliyowapa wananchi wa pande zote mbili sababu ya kuirudia zahanati.

Pamoja na mafanikio hayo, lilijitokeza tatizo ambalo huzikumba karibu nchi zote zinazotoka vitani. Wafadhili walikuja wengi, kila mmoja na mradi wake, magari yake, ripoti zake na wilaya aliyoichagua.

Wakati huo mishahara ya watumishi wa umma ilikuwa imepoteza thamani kufuatia mpango wa marekebisho ya uchumi ulioanza mwaka 1987. Muuguzi aliyesomeshwa na serikali alipata mara kadhaa zaidi kwa kuendesha mradi wa shirika la nje kuliko kwa kukaa wodini. Misaada iliyokuja kuijenga wizara ikawa pia inaichukulia watu wake.

Ilichukua muda kurekebisha hali hiyo. Mwaka 2000 Wizara ya Afya na wafadhili walikubaliana maadili ya kushirikiana, na baadaye fedha za wafadhili kadhaa zikaanza kuwekwa katika mfuko wa pamoja unaofuata mpango mmoja wa serikali.

Nchi ambazo hazikufika hapo zililipa gharama kubwa. Liberia ilimaliza vita vyake mwaka 2003, lakini huduma nyingi zilibaki mikononi mwa mashirika ya nje na madaktari walikuwa wachache mno. Ugonjwa wa Ebola ulipoingia mwaka 2014, zaidi ya watu 4,800 walipoteza maisha nchini humo, wakiwamo wauguzi na madaktari ambao nchi hiyo haikuwa na wa kuwabadili.

Imani hainunuliwi

Iko nguzo nyingine ambayo haimo katika sita zile, nayo ni imani ya wananchi. Vita humfundisha mtu kumtilia shaka kila anayekuja na gari na sare, hata akiwa amebeba dawa.

Jirani zetu wa mashariki mwa Kongo ni ushahidi wa jambo hilo. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini na Ituri mwaka 2018, chanjo ilikuwapo na fedha zilikuwapo. Hata hivyo, watu waliokwisha kuona miaka ya mauaji bila kulindwa walijiuliza kwa nini ghafla ulimwengu umejali homa moja. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na hadi mlipuko huo ulipotangazwa kwisha Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamefariki.

Kaskazini mwa Msumbiji imewahi kutokea zaidi ya mara moja kwamba wahudumu wa afya wanashambuliwa kwa uvumi kuwa wao ndio wanaoleta kipindupindu. Aprili 7, 2024, watu wapatao 100, wengi wao watoto, walikufa maji katika jimbo la Nampula baada ya chombo kilichojaa kupita kiasi kuzama. Kwa maelezo ya viongozi wa jimbo hilo, abiria walikuwa wakikimbia kwa hofu iliyotokana na uvumi wa kipindupindu.

Uvumi wa namna hiyo hauondolewi kwa mabango. Huondolewa na mkunga anayefahamika kijijini, anayezungumza lugha ya watu wake, iwe Kimakonde, Kimakua au Kiswahili, na ambaye alikuwapo wakati wa shida na bado yupo wakati wa amani. Mhudumu wa aina hiyo haagizwi kutoka nje, na wala hapatikani kwa semina ya siku tatu.

Wahudumu wa vijijini walioanzishwa mwaka 1978 walitawanywa na vita na kukosa usimamizi, na mpango wao ulikuja kufufuliwa rasmi mwaka 2010. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita. Hiyo ndiyo gharama ya kumpoteza mhudumu mmoja anayeaminika.

Tanzania ina la kufanya

Sasa swali linarudi Cabo Delgado. Katika kilele cha mgogoro, mwaka 2022, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameyahama makazi yao. Oktoba 2020 moto huo ulivuka mto na kufika Kitaya, mkoani Mtwara. Majeshi ya Rwanda na ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), Tanzania ikiwamo, yaliingia mwaka 2021. Kikosi cha SADC kilimaliza kazi yake mwaka 2024, lakini mashambulizi hayajakoma kabisa.

Kwa Mtanzania wa kusini, hili si jambo la huruma pekee. Surua na kipindupindu havisimami mpakani kuonesha hati ya kusafiria. Daraja la Umoja lililofunguliwa Mtambaswala mwaka 2010 hupitisha korosho na ndugu, na linaweza kupitisha maradhi vilevile. Zahanati iliyofungwa ng'ambo ni foleni ndefu zaidi upande huu.

Somo la Nachingwea linaonesha kwamba muda wa kuanza ni sasa, wakati risasi bado zinasikika. Miongoni mwa waliokimbia makazi yao wamo wauguzi, wakunga na vijana waliomaliza shule. Wakifundishwa na vyeti vyao vikitambuliwa pande zote, watakuwa tayari siku barabara zitakapofunguka. Wakiachwa wauze maandazi kambini kwa miaka 10, zahanati mpya zitazinduliwa kwa utepe na kukosa wa kuzifungua kesho yake.

Hoja hiyo inaihusu Tanzania kwa upande wa magharibi pia. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, imekuwa makazi ya maelfu ya watu kutoka Kongo na Burundi. Kila mkimbizi aliyefundishwa kuchanja au kuzalisha ni sehemu ya mfumo wa afya wa nchi atakayorudi.

Wapo watakaosema kwamba wilaya zetu wenyewe, hususan za pembezoni, bado zinalia na uhaba wa watumishi, hivyo hatuna cha kugawa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ikumbukwe kwamba Tanzania ya miaka ya 1960 ilikuwa maskini kuliko ya leo, na haikungoja itajirike ndipo impe jirani ardhi ya kufundishia watu wake.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mfumo wa afya nao huandaliwa mapema, kwa kuwafundisha watu watakaoubeba, kuwalipa ili wabaki, na kuwaweka wafadhili chini ya mpango mmoja.

Kwenye njia panda ya Nanganga hakuna anayeona tena vijana wa FRELIMO. Lakini wale waliofundishwa kusini mwa Tanzania kufunga kidonda na kuchoma sindano walivuka Ruvuma na kuwa wahudumu wa kwanza wa taifa jipya. Watakaovuka safari ijayo wanapaswa kuanza masomo leo.